Vitabu vya kale katika nyumba za pwani: mwongozo kamili wa kuviokoa na koga, wadudu na mikono yetu wenyewe

Kila masika yakiisha, maswali huwa yaleyale. Kitabu cha marehemu babu kilifanya koga, kikaanikwa juani, sasa jalada limejikunja kama ng'onda. Msahafu ulionakiliwa kwa mkono ulifungwa kwenye mfuko wa plastiki ili usiingiwe na maji, ukafunguliwa baada ya miezi kadhaa una madoa meusi. Daftari la tenzi lilibandikwa selotepu, na siku selotepu ilipobanduka iliondoka na maneno.

Wote hao walifanya kazi, tena kwa mapenzi. Kilichowaangusha ni mpangilio. Mtu hufunga kabla hajakausha, hupiga dawa kabla hajajua anapigana na mdudu gani, hupaka gundi kabla hajapiga picha. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa mfuatano usiofaa kurukwa: tenga, orodhesha, pima hewa, kausha, ua wadudu, safisha, ndipo ufunge.

Mwongozo ni wa mtu mwenye rafu au sanduku la vitabu vya zamani nyumbani Mombasa, Lamu, Tanga, Unguja au Dar es Salaam: misahafu ya mkono, vitabu vya fiqhi vilivyochapwa Misri au Bombay, madaftari ya mashairi, kamusi za wamisionari, magazeti ya *Mambo Leo*. Walio Nairobi au Arusha watafaidika pia, ila wao unyevu hauwaandami kama unavyotuandama sisi.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kugusa kitabu

- Vipima unyevu viwili vidogo vya kidijitali. Kimoja kinaweza kukudanganya. Viwili vikitofautiana utajua.
- Barakoa aina ya N95 na glavu za mpira, kwa kazi ya koga tu.
- Brashi mbili laini za nywele. Iandike moja "koga" na isiguse kamwe kitabu kisicho na koga.
- Karatasi nyeupe nyingi zisizochapwa. Karatasi nzuri za fotokopi za siku hizi kwa kawaida hazina asidi, kwa hiyo zinatosha.
- Feni ya kusimama.
- Mifuko ya plastiki yenye zipu, mikubwa na mizito.
- Nafasi ndani ya friza inayofika nyuzi 18 chini ya sifuri.
- Kitambaa cha marekani, kile cheupe kisichotiwa rangi, na utepe wa pamba.
- Penseli laini. Kalamu ya wino isiwe hata mezani.
- Silika jeli, zile punje zinazonyonya unyevu. Chagua ile inayobadilika rangi, na kati ya hizo chukua ya rangi ya chungwa. Ya buluu ina kemikali ya kobalti ambayo ni sumu.

Visivyohitajika: selotepu, gundi nyeupe, stepla, raba bendi, mafuta ya nazi na nafthalini. Nafthalini, yale marumaru meupe ya kabatini, nitairudia mbele kwa sababu ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

## Hatua ya 1: Tenga

Kitabu chochote kilichoingia nyumbani leo, kiwe cha urithi au cha kununua barabarani, kisilale na vingine. Kiweke peke yake ndani ya mfuko wa zipu ulioachwa wazi kidogo, juu ya karatasi nyeupe, chumba kingine, kwa wiki mbili au zaidi.

Karatasi nyeupe ina kazi yake. Kila baada ya siku tatu inua kitabu utazame chini. Ukiona unga laini wa rangi ya karatasi au mbao, futa, weka karatasi mpya, ungoje tena. Unga ukirudi, ndani kuna mdudu hai anayekula. Usiporudi, huenda yale matundu unayoyaona ni ya mdudu aliyekufa miaka mingi iliyopita, na hapo huna haja ya kuhangaika na friza.

Kitabu kilicholowa hakingoji wiki mbili. Koga huweza kuanza ndani ya saa 48. Kama kimelowa, nenda moja kwa moja hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Piga picha na uandike kabla ya kubadilisha kitu

Piga picha jalada la mbele, la nyuma, mgongo, ukurasa wa jina, na kila mahali palipoharibika. Andika kwenye daftari: jina la kitabu, mwandishi au mnakili, mwaka na mji wa kuchapwa kama upo, idadi ya kurasa, kilitoka kwa nani, kina maradhi gani. Alama ndani ya kitabu chenyewe, ikibidi, iwe ya penseli, ndogo, pembeni.

Hapa ndipo watu wanapoteza kitu wasichokijua. Vitabu vya nyumba za Waswahili vina maandishi pembezoni na kwenye karatasi tupu za mwanzo na mwisho: tarehe ya mtoto kuzaliwa, deni, dua, jina la aliyekiazima, jina la jahazi. Mtu "anasafisha" kwa kifutio na historia ya ukoo inakwenda na mavumbi. Maandishi ya penseli ndiyo yanayofutika haraka kuliko yote, na mara nyingi ndiyo ya pekee.

Tafuta pia neno wakfu. Kama kimeandikwa kuwa kimewekwa wakfu kwa msikiti, madrasa au kizazi fulani, wewe ni mtunzaji wake tu. Hakiuzwi.

Karatasi zilizofumuka. Usizikusanye na kuzigonga mezani zikae sawa kama karata. Miswada mingi ya hati za Kiarabu haina namba za kurasa. Badala yake, mnakili aliandika chini kabisa ya ukurasa, pembeni, neno moja peke yake: hilo ni neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Soma neno hilo, kisha tafuta ukurasa unaoanza nalo. Kwa njia hiyo unaweza kurudisha mswada mzima katika mpangilio wake hata kama umefika ndani ya mfuko wa rambo. Neno lisipopata mwenzake, karatasi imepotea hapo. Iandike kwenye daftari.

Ukiipata namba sahihi, iandike kwa penseli kwenye kona ya juu ya kila karatasi. Ukikosea, inafutika.

Kwa msahafu uliochakaa ambao familia imeamua kuuzika au kuuchoma kwa heshima, omba jambo moja tu kabla: kurasa zipigwe picha, hasa za mwanzo na za mwisho, ambako mnakili hutaja jina lake na tarehe.

## Hatua ya 3: Pima hewa ya chumba, na kwanza upime kipimo chenyewe

Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, koga huamka. Chini ya 60 kitabu kina raha. Pwani, bila kufanya chochote, utaona 75 au 80 bila taabu. Kwa hiyo huwezi kutegemea macho wala pua.

Vipima unyevu vya bei nafuu hukosea. Vijaribu kwa chumvi:

1. Jaza chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa ya soda.
2. Dondoshea maji kidogo mpaka chumvi ilowe na kushikana, lakini isiyeyuke yote.
3. Weka kifuniko hicho pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa zipu, bila maji kugusa kifaa.
4. Funga, uache usiku kucha mahali pasipopigwa jua.

Hewa iliyo juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75. Asubuhi kifaa chako kikisoma 70, ujue kinapunguza 5; andika "+5" nyuma yake kwa kalamu, na kuanzia leo ongeza.

Sasa pima chumba kwa siku saba, asubuhi, adhuhuri na usiku. Karibu kila nyumba itaonyesha jambo moja: hewa huwa kavu zaidi kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni, na huwa na unyevu mwingi usiku na alfajiri. Basi fungua madirisha saa hizo za ukavu, ufunge kabla ya jua kuzama na wakati wote wa mvua. Watu wengi hufanya kinyume: hufungua usiku wapate upepo. Mwili unafurahi, vitabu vinalowa.

Onyo kuhusu kiyoyozi. Kuwasha mchana na kuzima usiku ni vibaya kuliko kutokuwa nacho. Ukizima, hewa ya nje yenye unyevu huingia na kukutana na kuta na vitabu vilivyopoa, na unyevu unaruka ghafla. Ama kifanye kazi usiku na mchana, ama ununue mashine ya kuondoa unyevu, ama utegemee feni na madirisha. Feni haipunguzi unyevu, lakini koga hupenda hewa iliyosimama, na feni inaikosesha utulivu.

## Hatua ya 4: Kausha, na jua lisihusike

Jua lina makosa matatu. Mwanga wake unafifisha wino, joto lake linavuta upande mmoja wa jalada kabla ya mwingine, na ukavu wa haraka unaacha kurasa na mawimbi yasiyonyooka tena. Kivuli chenye upepo ndicho unachokitaka.

Kitabu chenye unyevunyevu tu. Kisimamishe kwa miguu yake juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikiwa zimefunguka kidogo. Washa feni, ielekeze ukutani ili hewa izunguke chumbani bila kupiga kurasa. Kila baada ya saa chache badilisha karatasi ya chini.

Kitabu kilicholowa. Kilaze. Ingiza karatasi nyeupe kila baada ya kurasa ishirini hivi. Usijaze nyingi mpaka mgongo ukavunjika. Karatasi zikinyonya maji, zitoe, weka kavu. Usijaribu kutenganisha kurasa zilizoshikana zikiwa zimelowa chepechepe, maana zitachanika; ngoja zikauke nusu. Isipokuwa karatasi za kung'aa, zile za vitabu vya picha: hizo zikikauka zimeshikana hazitengani tena maisha, kwa hiyo ziingizie karatasi kati ya kila kurasa mbili zikiwa bado mbichi.

Vitabu vingi vimelowa pamoja, bomba limepasuka au bati limevuja. Huwezi kukausha thelathini ndani ya siku mbili. Kausha vitano, vingine vifunge kila kimoja kwenye mfuko wake na kuviweka friza. Kugandisha kunasimamisha saa. Baadaye utatoa viwili vitatu kwa wakati ukiwa na nafasi. Koga haifi ndani ya friza, inalala tu, kwa hiyo kukausha bado kunakungoja.

Mswada wa wino uliolowa. Usikandamize, usipanguse. Wino wa masizi uliotumika kwenye miswada mingi huyeyuka kwa maji. Gandisha kama ulivyo, kisha tafuta mtaalamu.

Kinapokaribia kukauka, kilaze kati ya mbao mbili safi na uzito wa wastani juu, siku mbili tatu, kisirudi na umbo baya.

Utajuaje kimekauka kweli? Mkono haujui. Weka kitabu pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa zipu, funga, subiri siku nzima. Kipimo kitasoma unyevu ambao kitabu chenyewe kinautoa. Chini ya 60, kimekauka. Kikisoma 70, jalada linaweza kuwa kavu lakini tumbo lake bado bichi. Kirudishe kwenye feni. Jaribio hili dogo lingeokoa vitabu vingi kuliko dawa zote za madukani.

## Hatua ya 5: Mjue mdudu, kisha umgandishe

Tazama jeraha, litakuambia nani kalifanya.

*Matundu ya mviringo* yanayopenya kurasa nyingi, na unga: ni funza wa mbawakawa, ndugu wa bungua wa kwenye mbao. Huyu ndiye wa friza.

*Uso wa jalada uliokwanguliwa ovyo,* bila tundu: mende, au vile vidudu vyembamba vya rangi ya fedha vyenye mikia mitatu vinavyokimbia ukiwasha taa. Wanafuata wanga uliomo kwenye gundi na kitambaa cha jalada. Dawa yake ni usafi wa chumba, kuziba nyufa na mitego ya kunata sakafuni.

*Vidudu vidogo mno,* rangi ya majivu, vinavyotembea kurasani: chawa wa vitabu. Wanakula koga. Kausha kitabu na chumba, wataondoka wenyewe.

*Njia za udongo ukutani au nyuma ya kabati:* mchwa. Hilo ni tatizo la nyumba. Hamisha vitabu vyote leo, ukague kimoja kimoja, umwite fundi wa mchwa kwa ajili ya ukuta. Kuvunja njia ya udongo na kurudisha kabati palepale ni kumpa mchwa mapumziko ya siku mbili.

### Kugandisha, kwa mpangilio

1. Hakikisha kitabu ni kikavu, kwa jaribio la hatua ya 4.
2. Kifunge kwa karatasi nyeupe, kiingize kwenye mfuko wa zipu, toa hewa yote unayoweza, funga. Weka ndani ya mfuko wa pili. Mfuko wa pili unazuia pia harufu ya samaki.
3. Friza iwe tayari ni baridi, nyuzi 18 chini ya sifuri au zaidi. Usiijaze kupita kiasi. Baridi ikishuka polepole, mdudu huizoea.
4. Acha siku 14. Umeme ukikatika muda mrefu mpaka vitu vikaanza kulainika, anza kuhesabu upya.
5. Toa, usifungue mfuko. Uache siku nzima mezani. Umande utatokea nje ya plastiki. Ukifungua mapema umande huo utakaa kwenye kurasa.
6. Fungua, kirudishe juu ya karatasi nyeupe. Wiki mbili bila unga mpya, umeshinda.

Usigandishe kitabu chenye picha za kioo, nta au pambo la pembe za ndovu. Mswada uliopakwa rangi nene zinazobanduka nao usiende friza bila ushauri.

### Dawa za kienyeji na za dukani

Karafuu na majani ya mwarobaini husaidia kufukuza wadudu, hayaui funza aliye ndani. Yakiwekwa ndani ya kurasa huacha madoa ya mafuta. Ukipenda, yafunge kwenye kitambaa uyaweke pembeni mwa rafu, uyabadilishe yakikauka. Kufukiza udi kabatini kunanukia vizuri na kunaacha masizi juu ya karatasi, fukiza nguo.

Dawa za kupuliza na mafuta ya taa vinatia madoa, na vinabaki kwenye karatasi utakayoishika kesho.

Nafthalini ninaikataa kabisa. Mvuke wake ni sumu kwa binadamu, na kwa mtoto mchanga mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, unaweza kuzivunja chembe hizo. Upungufu huo ni wa kawaida katika maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Kabati la vitabu lenye nafthalini halifai kuwa kwenye chumba anacholala mtoto.

## Hatua ya 6: Safisha

Fanya nje, kivulini, upepo ukitoka mgongoni kwako. Mwenye pumu asifanye kazi ya koga, ampe mwingine.

Koga mbichi hupakaa ukiigusa. Ukiipiga brashi unaisugua ndani ya karatasi. Rudi hatua ya 4 mpaka iwe unga mkavu. Hapo vaa barakoa na glavu, shika kitabu kimefungwa imara, anza na ukingo wa juu, piga brashi kutoka mgongoni kwenda nje. Halafu jalada. Halafu ukurasa kwa ukurasa, daima kutoka katikati kwenda ukingoni. Madoa yatabaki, yaache. Lengo ni kuondoa unga. Hakuna maji, hakuna spiriti, hakuna jiki kwenye karatasi. Spiriti ya asilimia 70 ni ya kufutia rafu, tena rafu ikauke kabisa kabla vitabu havijarudi.

Ukimaliza, osha brashi ya "koga" kwa sabuni na uianike.

Kwa vumbi la kawaida glavu hazihitajiki. Mikono iliyooshwa na kukaushwa ni bora kuliko glavu nyeupe za pamba, kwa sababu ndani ya glavu vidole havisikii karatasi na vinachana. Glavu zina faida kwenye picha na koga.

## Hatua ya 7: Majeraha usiyopaswa kuyatibu

Sehemu hii ni fupi kwa sababu sehemu kubwa ya kazi ni kujizuia.

Selotepu hugeuka njano na gundi yake hupenya karatasi. Iliyopo tayari, usiibandue. Mara nyingi huondoka na maandishi. Gundi nyeupe haitoki tena. Kupitisha karatasi kwenye mashine ya plastiki, kama tunavyofanya vyeti, kunaipika kwa joto na kuifungia milele.

Ngozi ya jalada inayoacha unga mwekundu mikononi imeoza kwa asidi. Mafuta ya nazi, ya zeituni au vaselini yanaitia weusi na kuvuta vumbi, haiponi. Ifunge kwa karatasi nyeupe, unga usichafue vitabu vya jirani.

Wino wa kahawia uliozungukwa na kivuli cha kahawia, herufi zikianza kudondoka na kuacha matundu: ni wino wenye chuma, unakula karatasi. Usikunje ukurasa huo, usiuloweshe hata kidogo. Upige picha mapema kuliko vitabu vingine vyote.

Jalada lililotengana lifungwe na kitabu chake kwa utepe wa pamba, fundo likae upande wa ukingo wa kurasa. Raba bendi huyeyuka kwa joto letu na kushikana na jalada.

Na mwisho, usipeleke kwa fundi wa kujalidi wa mtaani kitabu cha karne ya 19. Atakirudisha kizuri, kingo zimekatwa, jalada jipya, na maandishi ya pembezoni yamebaki kwenye takataka zake.

## Hatua ya 8: Funga na upange

Sasa ndipo kufunga kunaruhusiwa. Kata kitambaa cha marekani, ukifue mara mbili bila kutia wanga wala manukato. Kitambaa kipya cha dukani kina wanga, na wanga ni chakula cha mende. Shona mfuko mpana, au kunja tu kama bahasha juu ya kitabu kilichokwisha kufungwa kwa karatasi nyeupe. Kitambaa kinapumua, plastiki iliyofungwa haipumui.

Kwa madaftari na magazeti tumia boksi la kadibodi. Kadibodi ya kahawia ina asidi, kwa hiyo itandike karatasi nyeupe ndani na uibadilishe kila mwaka. *Mambo Leo* na magazeti mengine yamechapwa kwenye karatasi duni inayogeuka kahawia na kukatika. Yalaze, usiyakunje, na weka karatasi nyeupe kati ya toleo na toleo.

Rafu iwe sentimita 15 juu ya sakafu na sentimita 5 hadi 10 mbali na ukuta. Ukuta wa nje, hasa unaopigwa na mvua ya kusi, au unaopakana na bafu, usiwe nyuma ya vitabu. Vitabu vikubwa na vizito vilale, visizidi vitatu. Vilivyosimama visimame wima, visibanane. Kutoa kimoja, sukuma majirani wake wawili ndani, ushike katikati ya mgongo. Ukivuta kwa kichwa cha mgongo, ndipo panapochanika kwanza.

Silika jeli ina maana ndani ya boksi au kabati linalofungika vizuri tu. Kwenye rafu wazi unajaribu kukausha Bahari ya Hindi. Ikibadilika rangi, mimina punje kwenye trei ya chuma, oka nyuzi 120 kwa saa moja au mbili, zirudishe zikipoa.

Umefaulu pale kipima unyevu ndani ya kabati kinapokaa chini ya 60 wiki nzima ya mvua, na ukifungua mlango husikii harufu ya uvundo.

## Hatua ya 9: Piga picha kitabu kizima

Simu nzuri inatosha. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, zima mwako wa kamera. Usifungue kitabu mpaka kilale bapa. Kunja taulo mbili, ziweke kulia na kushoto, kitabu kifunguke kiasi tu cha kusomeka. Piga kurasa zote za upande mmoja kwanza, kisha za upande wa pili.

Anza na jalada, piga na kurasa tupu, malizia na jalada la nyuma. Kwa hati za Kiarabu, mwanzo ni kulia. Mafaili yapewe namba kwa mfuatano huo, 001, 002, 003, la sivyo utenzi utasomwa kinyumenyume. Ukimtumia ndugu kwa WhatsApp, tuma kama faili, maana picha ya kawaida hupunguzwa ubora. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba hiyo.

Ukitaka kuona kazi hii ikifanywa vizuri, tazama picha za miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, zilizowekwa wazi na Maktaba ya Uingereza kupitia mradi wake wa hifadhi zilizo hatarini. Angalia jinsi hata karatasi iliyoliwa na wadudu ilivyopigwa kwa ukamilifu, kingo zote zikionekana.

## Ukiwa unanunua

Hesabu kurasa kabla ya bei. Linganisha orodha ya yaliyomo na kilichomo. Ramani na picha ndizo hukatwa kwanza. Toleo la kwanza la kitabu cha sarufi ya Kiswahili cha mmisionari Steere ni la 1870 na kamusi ya mmisionari Krapf ni ya 1882, lakini vitabu vya aina hiyo vilirudiwa kuchapwa, tena siku hizi kuna nakala za kompyuta zenye tarehe ya zamani kwenye ukurasa wa jina. Nusa karatasi, tazama nyuma ya ukurasa wa jina, papasa alama ya herufi.

Muhuri wa maktaba bila muhuri wa kukiondoa kwenye orodha ni sababu ya kuuliza maswali. Muuzaji akikwepa, mwachie kitabu chake. Na kabla ya kupeleka mswada wa zamani nje ya nchi, uliza ofisi ya mambo ya kale. Kenya na Tanzania zote zina sheria juu ya vitu vya kale kupelekwa nje ya nchi.

## Ratiba

Kila mwezi: soma kipima unyevu, tazama karatasi nyeupe za chini ya rafu. Kabla ya masika na kabla ya vuli: kagua bati, mabomba na nyufa, oka silika jeli. Kaskazi ikikauka vizuri, toa kila kitabu, kipeperushe kurasa kwa mkono kivulini, futa rafu, rudisha.

Nenda kwa mtaalamu ukiona wino unaokula karatasi, mswada uliolowa, au kitabu kilichoshikana kuwa kipande kimoja. Anzia Nyaraka za Taifa Zanzibar pale Kilimani, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye hazina ya miswada ya Kiswahili, au makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Nenda na picha za hatua ya 2 na daftari lako kwanza. Kitabu chenyewe kiache nyumbani mpaka wakuambie namna ya kukisafirisha.